Kwa Tumpe, Anayekwenda kwa Watu wa Matope

Tumpe mwanangu,

Umekwenda Tukuyu kumuaga shangazi yako, na ninajua hatakuachia mapema. Nimewafukuza kuku ndani, nimefunga mlango, nimekaa. Habari za shuka, za dawa ya kuhara, na za kutokunywa soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi, shangazi yako anakwambia sasa hivi, tena kwa kurudia. Mimi sitaziandika. Niliishia darasa la saba, na mwandiko wangu unaujua, unapanda na kushuka kama njia ya Nkunga. Leo usiucheke. Usome basi likishatulia.

Kesho unakwenda kusomea hali ya hewa. Hapa kijijini hawasemi hivyo. Wanasema, "Mtoto wa Atuganile anakwenda kwa watu wa matope," na wanasema kama mtu anayetema kitu. Mimi ndiye niliyesema uende, na katika kijiji kizima hakuna anayewachukia watu hao kunizidi. Nataka ujue mambo hayo mawili yanakaaje ndani ya mtu mmoja. Usipojua, utakuwa kama wao. Hilo ndilo ninaloliogopa. Basi siliogopi, mji siuogopi.

Walipokuja ulikuwa hujaanza shule. Wazungu wawili na Mswahili mmoja mwembamba kutoka Dar, na gari limebeba mapipa na mbao. Wakaunda chelezo, wakakifunga kwa kamba katikati ya ziwa letu, lile la duara ambalo mimi utotoni nilikatazwa hata kulinyooshea kidole. Kutwa wanazamisha mabomba marefu, wanayavuta. Baba yako akapata kibarua cha kupiga kasia. Jioni ya kwanza alirudi amelowa mpaka kwenye kofia, na babu yako akamuuliza mbele ya wazee wenzake, "Wanatafuta nini?"

"Matope, tata," akamjibu baba yake.

Mimi niko jikoni nasikia. Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na pombe.

"Mzungu apande ndege, avuke bahari, aje kuchota matope?" babu yako akasema. "Hata nguruwe wa Mpuguso anajua matope yako wapi."

Unajua sisi tumelelewa na hadithi ya Wajerumani waliokimbia vita wakazamisha sanduku la fedha mle ziwani. Kwa hiyo kila baba yako aliposema matope, watu walisikia sanduku. Akiapa, ndiyo kabisa. Wakasema wamemlipa anyamaze.

Yule Mswahili tulimwita Bwana Matope, naye akaitika, alikuwa mtu wa kucheka. Siku moja nimempelekea baba yako ndizi za kuchemsha, nikamkuta Bwana Matope amepasua bomba moja kwa urefu, kama mtu anayepasua muwa. Ndani matope yamelala mistari mistari, meusi, ya kijivu, meusi tena.

"Njoo uone, mama Tumpe," akaniita. "Hapa jua lilikaa sana. Hapa mvua ilikuwa ya kawaida. Hapa, unaona huu mstari mnene wa njano? Mlima uliporomoka, udongo ukafika mpaka ziwani. Watu wa wakati huo hatuwajui hata majina, lakini mvua yao tunaiona."

"Na ya kesho inaonekana?"

"Ya kesho hapana. Lakini mtu ukijua amezoea kufanya nini, utajua namna ya kukaa naye." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Dunia inapata joto, mama. Tunataka kujua zamani mvua ya huku ilifanya nini joto lilipobadilika. Tukimaliza kusoma tutarudi, tutawaeleza."

Nilimwamini. Nilikuwa msichana mwenye mtoto, na kila aliyesema atarudi nilimwandalia kiti.

Sasa sikiliza kinywa cha mama yako. Nilipofika kwa wifi yangu sikusema habari ya mvua, sikusema habari ya mlima. Nilisema, "Wifi, yale mabomba ni mazito! Matope gani yanakuwa mazito vile?" Basi. Jumapili, wageni wamekwenda Mbeya, watu walivunja kufuli la ghala la ushirika ambamo mabomba yalihifadhiwa, ghala lenyewe tupu tangu ushirika ulipoanza kufa. Wakayabeba hadi kijitoni, wakayapasua, wakaanza kuosha matope kwa ungo na machujio ya chai. Na mimi nilikuwepo, na chujio langu, wewe umeshika kanga yangu. Kijiji kizima kinakumbuka, wala sijawahi kukana.

Tulipata majani. Majani meusi, yana mishipa yake yote, utadhani yameanguka jana. Nilipoweka moja kiganjani likapata hewa, likawa masizi. Mzee mmoja akapaza sauti, "Fedha ya Mjerumani imeota majani!" Watu wakacheka, wakaenda zao kula. Kijito kikaondoka na mistari yote ile.

Bwana Matope aliporudi hakututukana, na hilo ndilo lililoniuma. Alikaa kwenye ngazi za ghala amejishika kichwa. Wakachota upya, haraka haraka, wakapakia, wakaondoka. Kwenye kuaga alirudia neno lake kwamba watarudi. Hawakurudi. Mpaka leo sijui kama ni kwa sababu tuliwakosea, au ni kwa sababu tangu mwanzo halikuwa neno la kweli, ni namna tu ya kuaga. Nimejaribu kuwasamehe kwa lile la kwanza, nikashindwa kwa hili la pili.

Halafu soko huria likatufikia. Wanunuzi binafsi wanakuja na mizani zao, mwaka huu wanaitaka kahawa, mwaka ujao huwaoni. Babu yako, ambaye alikuwa anaipangusa kahawa yake vumbi kwa mkono jani kwa jani, aliing'oa yote. Akapanda juu zaidi, akakata miti ya mteremko ulio juu ya nyumba yetu, akaweka viazi mviringo, maana Fuso za Dar zilikuwa zinavichukua hapo hapo barabarani. Simlaumu peke yake. Visiki niling'oa mimi. Niliimba nikipanda. Gauni lako la kwanza lisilo la mtumba lilitoka kwenye mteremko ule, na sare zako, na nilikuwa nautazama asubuhi umekuwa kijani, nasema Kyala, Mungu wetu, ametukumbuka.

Mvua nazo zilikuwa zimebadilika tabia. Sisi wa huku tumezaliwa ndani ya mvua, ile ya kunyunyiza kutwa mpaka nguo inakauka mwilini na kulowa tena. Sasa jua likawa linakaa hadi majani ya migomba yanajikunja, kisha mvua inakuja kwa hasira kama mtu aliyecheleweshwa njiani. Mwaka ule ambao redio iliipa mvua jina la kigeni, chemchemi yetu ilianza kutoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nikapanda kuangalia. Kati ya matuta ya viazi kulikuwa na ufa. Niliingiza mkono, ukaingia mpaka kiwiko.

Nikakumbuka ule mstari wa njano. Mlima umezoea kufanya nini. Nilijua, Tumpe. Kwa akili yangu ya darasa la saba, nilijua.

Lakini shamba ni la babu yako, na mimi ni mkwe wake. Nyie wa sasa mnaona mchezo. Sisi tuliolelewa kizamani, mke wa mtoto hamwangalii baba mkwe usoni, hasemi naye. Ukimsikia anakohoa njiani unaingia migombani mpaka apite. Tunaita kutila, na mimi nilikuwa nasifiwa kwa hilo. "Mkwe wa mzee ana heshima, hata kivuli chake hakijui." Nilipenda kusifiwa.

Kwa hiyo nikamtuma baba yako. Baba yako akasema, "Viazi vimebakiza kidogo tu, mzee hatakubali, ngoja tuvune." Nikamwendea bibi yako, Mungu amrehemu, nikamweleza ufa, nikamweleza maji, nikamwambia mzee aache mteremko ule na sisi wote tuhame kwa muda. Bibi yako hakupenda kumuudhi mumewe. Neno langu alilichukua, akalichemsha, akalitia sukari. Lilipofika kwa babu yako lilikuwa, "Mkwe anasema kupanda kule kunamchosha."

Jibu likarudi siku hiyo hiyo: "Mwambieni akichoka, kwao Mpuguso njia anaijua."

Nikanyamaza. Ningeweza kwenda mwenyewe. Ni mwendo wa kuvuka ua.

Yaliyofuata uliyaona. Mvua ile ya asubuhi, baba yako akichukua jembe, akaniambia anakwenda kufungua mifereji ili maji yasilale kwenye viazi. Alitoka anapiga mluzi. Udongo ulipita kando ya nyumba, sauti yake sitaiandika. Wanaume walichimba mpaka wakampata, tukamzika hapo nyuma, kwenye migomba, kama tunavyozika watu wetu, kando ya nyumba zao. Babu yako hakulia. Alisema neno moja tu, kwamba wale watu walilifunua ziwa, na ziwa limejilipa. Mpaka leo anasema hivyo. Nilimkasirikia miaka mingi, kisha nikamwelewa. Akiacha kuwachukia wao atabaki na viazi vyake, na mtu hawezi kulala na jambo kama hilo.

Mimi mwenyewe chuki yangu ilikuwa imeanza kuzeeka, mpaka uliporudi likizo kutoka sekondari na ile habari ya mwalimu wako wa jiografia. Kwamba matope ya ziwa letu yanafundishwa vyuoni, ng'ambo. Kwamba wanafunzi wa nchi ambazo mimi hata nikionyeshwa kwenye ramani sizioni, wanajua mvua yetu ilifanyaje tangu zama za mababu wa mababu. Ulikuwa umefurahi. Uliniambia, "Mama, tunajulikana!" Ukashangaa nimetupa mwiko.

Mwanangu, wao ndio wanajulikana. Sisi tulikuwa pale kandokando ya ziwa tunaosha vyombo.

Ndipo nikakuuliza lile swali, unalikumbuka, tuko jikoni unamenya ndizi. Kwamba wangerudi kutueleza, baba yako angekuwa hai? Nilitaka useme ndiyo. Nilikuwa nimelisubiri hilo ndiyo miaka yote. Nawe ukaweka kisu chini.

"Sijui, mama. Matope yangesema mlima huu huporomoka. Yasingesema siku."

"Na hilo joto lenu la dunia ndilo lililomuua?"

"Hewa yenye joto inabeba maji mengi zaidi. Ni kama mtungi mkubwa. Unachukua muda kujaa, jua linakaa. Ukimwagika, unamwaga yote. Lakini mvua moja peke yake huwezi kuitia pingu, mama, ukasema huyu ndiye. Lazima uzikusanye nyingi, uzilinganishe. Na miti ilikuwa imekatwa."

Nilikaa bila kusema nawe mpaka ulipoondoka. Ulidhani ni kwa sababu ya kutaja miti. Nilikuwa sina wa kumpigia kelele. Ulikuwa umenipokonya Bwana Matope, ukanipokonya mvua, ukaniachia sote kwa pamoja: wenye viwanda vyao huko mbali wanaofukiza dunia nzima, na babu yako, na bibi yako, na mimi na visiki vyangu. Ungenidanganya ningelala vizuri. Lakini baadaye, nikiwa napalilia, nikatambua kwamba hakuna mtu aliyewahi kunijibu vile. Watu wote maishani mwangu wamekuwa wakinipa majibu matamu au wakininyima kabisa. Wewe ulijua kiasi fulani, ukanipa kiasi hicho hicho, machungu yake na yote, tena usoni. Siku ile ndipo nilipoamua uende, ingawa sikukwambia.

Ukoo ulipokaa mwezi uliopita, babu yako akasema mjukuu wake haendi kwa wachota matope. Mimi nilikuwa nje na wanawake wengine, nikamtuma baba yako mdogo aseme kwa niaba yangu. Umeona? Nilituma tena. Baba yako mdogo akazungukazunguka, mara ada, mara umri wako, na kikao kikaisha bila jibu.

Na wakati huo huo wewe ulikuwa umeniambia lile lingine. Ulipanda nyuma ya nyumba, ukaona ufa mwingine, mdogo, kwenye kipande cha mteremko kilichobaki. Ukapigilia vijiti viwili, kimoja upande huu wa ufa na kingine upande wa pili, ukafunga uzi katikati. Ukaniambia, "Mama, uzi huu ukikatika, hama. Usisubiri mwaka." Nikakujibu vibaya. Nikasema baba yako amelala hapa, wewe unakwenda kulala kwenye kitanda cha chuma mjini, usinihamishe. Ukainamisha kichwa. Lakini kila ulipokuja ulipanda kuangalia uzi wako.

Uzi umekatika, Tumpe. Baada ya mvua ya Jumanne. Hukuuona kwa sababu ulikuwa kwenye kuaga watu, na mimi sikukwambia, kwa kuogopa usije ukaahirisha safari.

Leo ulipoondoka tu kwenda Tukuyu nilijifunga kanga, nikavuka ua. Babu yako alikuwa amekaa anasuka kamba ya ng'ombe. Aliponiona akageuza uso ukutani, kama inavyompasa, nami miguu ikataka kunipeleka migombani kama inavyonipasa. Nikasimama. Nikasema na mgongo wake.

"Baba. Ni mimi, mke wa Ambakisye."

Kamba ikasimama mikononi mwake. Akauliza ukuta, "Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

Nikamwambia yote, bila sukari. Mlima umepasuka tena, uzi wa Tumpe umekatika. Kesho mimi nahamia ng'ambo ya kijito, kwenye kile kipande cha magimbi alichoniachia bibi yako, kule ni tambarare. Tumpe anakwenda kusoma kwa watu wa matope, na anakwenda kwa ruhusa yangu. Na nikamwambia lile la zamani pia, kwamba mwaka ule sikuwa nimechoka kupanda. Niliona ufa. Kwamba neno lile halikumfikia lilivyokuwa, na kosa la kutokulipeleka mwenyewe ni langu.

Nilidhani atanifukuza. Mabega yake yakashuka tu. Akasema, taratibu, "Na kaburi?"

"Kaburi linabaki, baba. Yeye mlima ulishamwangukia."

Nilisikia neno lenyewe lilivyo kali nikiwa nimeshalitoa. Ng'ombe akawa anapiga mkia. Nilipogeuka kuondoka, akasema, bado anatazama ukuta, "Ng'ambo kule hakuna migomba. Ng'oa machipukizi hapa kwangu, chagua ya mzuzu." Nikamuuliza kama naye atahama, nyumba yangu mpya itakuwa na chumba. Akasema yeye ni mzee, mlima na yeye wanajuana.

Kwa hiyo usishangae ukirudi ukamkuta bado yuko pale chini ya mlima. Mimi sijafanikiwa kumhamisha. Amekubali uende, maana hakukataa tena. Lakini hahami. Ndiyo hali niliyobaki nayo.

Sasa ninachokuomba. Huko utafundishwa na watu wenye akili, na wengine wao watakuwa wema, kama Bwana Matope alivyokuwa mwema. Wema wake haukutusaidia. Utachota matope ya watu, utapima mvua za watu, utakaa jikoni kwao ule ndizi zao. Wengine wataosha kazi yako kijitoni. Usiseme tutarudi kama namna ya kuaga. Kama hurudi, sema hurudi. Na kama umejua jambo, nusu yake au robo yake, nenda ukalitamke pale pale mtu alipolala, kwa lugha anayoombea, hata akigeuzia uso ukutani. Usiandike ukadhani umesema. Usimtume mtu. Hata mimi usinitume kwa babu yako. Njoo umwambie mwenyewe, pengine sauti yako itamwinua pale ambapo yangu imeshindwa.

Kesho nitakusindikiza mpaka barabarani tu. Stendi sifiki. Wanaume wa kubeba mabati wamekubali kuja asubuhi, na mvua haisubiri mtu aage. Usidhani sikupendi.

Na usihangaike kwa ajili ya babu yako. Nyumba yangu mpya itaitazama yake moja kwa moja, kijito tu katikati. Mvua ikianza kunyesha kwa hasira nitasimama mlangoni nimwite. Kwa jina. Tangu niolewe sijawahi kulitamka jina la baba mkwe wangu, hata peke yangu, hata moyoni. Leo mchana, wakati nakunja nguo zako, nilijaribu kulisema kwa sauti nione kama linatoka. Linatoka.

Mama yako,
Atuganile